Upinde, Riziki na Ahadi

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa swali na mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu. Mwanawe amemaliza skuli na hajapata kazi. Kwa miaka kadhaa kijana huyo amekuwa akichonga pinde na mishale kwa kupenda kwake tu, jioni na siku za mapumziko, akawagawia marafiki bila malipo. Sasa sifa zake zimeenea, na watu wanamletea pesa mkononi kabla hata hajakata mti. Mama anafurahi, na hapo hapo ana wasiwasi. Kwani malipo ya pinde nne yamekwisha pokewa, yameingia katika unga, mafuta na karo za wadogo, na pinde zenyewe bado hazijachongwa. Anauliza: je, kazi hii ina heri? Na je, yaweza kusimamisha nyumba?

Tumeona tulijibu swali hili kwa urefu, kwa kuwa si la nyumba moja. Mshona kofia za vito, mchonga milango, msusi wa mikeka na mpika halua, wote hufika njia panda hiyo hiyo siku ambayo jambo walilolifanya kwa raha linapoanza kudaiwa na watu.

Heshima ya kazi hii

Tuanze na heri yake. Mtume (S.A.W.), alipoifasiri nguvu ambayo Waumini wameamrishwa kuiandaa katika sura ya Al-Anfal, aliitaja kuwa ni kurusha mishale, akakariri mara tatu, kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.). Na katika Bukhari tunasoma kwamba aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha, akawahimiza waendelee, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail (A.S.) naye alikuwa mrushaji. Tena katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi, yule aliyeutengeneza mshale kwa nia njema ametajwa pamoja na aliyeurusha katika kupata thawabu. Fundi basi hakusahauliwa.

Ama kuhusu kula kwa jasho la mkono, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko hicho, akampigia mfano Nabii Daud (A.S.). Na katika sura ya Saba, Daud huyo aliyelainishiwa chuma hakuamrishwa kutengeneza deraya tu. Aliamrishwa pia apime vyema kuungana kwa pete zake. Ufundi bila kipimo haukuridhiwa hata kwa Nabii. Neno hilo la kipimo ndilo tutakalolirudia katika makala haya yote, kwani kijana wetu anajua kuupima mti, lakini bado hajajifunza kuipima kazi yake, wala wakati wake, wala ahadi yake.

Mfano wa Istanbul

Tukitafuta mji wa Kiislamu ambako upinde ulikuwa kazi yenye soko na heshima, hatuna budi kuutazama Istanbul. Sultan Muhammad al-Fatih, baada ya kuufungua mji huo mwaka 1453, alitenga uwanja mkubwa wa kurushia mishale unaoitwa hadi leo Okmeydanı, yaani uwanja wa mshale. Mwanawe, Sultan Bayezid wa Pili, aliwaenzi mafundi wa pinde na akaipa kazi yao nafasi katika mji.

Upinde wao haukuwa wa mti mtupu. Kiini kilikuwa cha mbao, upande unaomwelekea mrushaji ukabandikwa pembe ya nyati, na upande wa nje ukabandikwa mishipa ya mnyama, vyote kwa gundi iliyopikwa kutokana na mishipa au samaki. Kisha upinde uliachwa ukae, mara nyingine mwaka mzima na zaidi, ndipo ukamilishwe. Fundi aliyeanza kazi leo hakutarajia kula kutokana nayo mwezi huu.

Bunduki zilipotawala, soko hilo likafifia. Mwaka 1847 kilichapwa kitabu cha Mustafa Kani, kilichoandikwa kwa amri ya Sultan Mahmud wa Pili, kikikusanya elimu ya upinde na mshale. Na sehemu kubwa ya wanayoyajua mafundi wa leo juu ya pinde hizo imepita katika kitabu hicho. Katika karne iliyofuata alikuwepo Necmeddin Okyay (1883–1976), imamu wa msikiti huko Üsküdar, mwandishi wa hati, mfundi wa kupaka karatasi rangi za mawimbi, mjalidi wa vitabu, mkulima wa mawaridi na mrushaji mishale. Waturuki walipotakiwa na sheria kuchukua majina ya ukoo mwaka 1934, yeye alichagua Okyay: *ok* ni mshale, na *yay* ni upinde. Hatimaye, mwaka 2019, shirika la UNESCO liliuandika urushaji mishale wa jadi wa Uturuki katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Tunachojifunza kwa bwana huyu ni kwamba alikuwa na uimamu wake na ualimu wake, na fani zake nyingi zikasaidiana. Hakuiweka nyumba yake yote juu ya upote mmoja. Kijana wetu naye, kama ana kibarua au duka la kusimamia nyakati za asubuhi, asikimbilie kukiacha kwa sababu watu wanne wamesifu pinde zake.

Mti hauna haraka

Huku kwetu pwani, pinde zetu ni za mti mmoja. Ndugu zetu Wamijikenda wana historia yake, na Waata, ambao wengine huwaita Wasanye, walijulikana kwa upinde mgumu wa kuuvuta, waliowindia hata ndovu. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kwa hiyo mnunuzi wa leo si mwindaji. Ni mpenda shabaha, ni kikundi cha ngoma na maigizo, ni mwenye kutaka pambo la ukutani, ni mzazi anayetaka mwanawe aijue sunna hii.

Asiyeijua kazi hudhani kuwa upinde ni fimbo iliyopindwa. Sivyo. Mti ukishakatwa, iwe ni mkone au mwingine wenye nyuzi ndefu zilizonyooka, hupasuliwa, ncha zake hupakwa gundi au rangi ili usikauke kwa pupa ukapasuka, kisha huwekwa kivulini kwa miezi. Ukichongwa ungali na maji, hupinda na kubaki umepinda, ukapoteza nguvu zake. Ukishakauka, fundi huuacha mgongo, yaani upande wa nje unaoelekea shabaha, ukiwa na nyuzi zake nzima bila kuzikata, akapunguza tumbo peke yake kwa tezo, kisha tupa, kisha msasa. Baada ya kila kupunguza huuvuta kidogo na kutazama kama mikono miwili inapinda sawasawa. Penye ugumu hupunguza. Penye ulaini hapagusi. Anauvuta zaidi, inchi baada ya inchi. Hapa ndipo pinde nyingi huvunjika, mara nyingi kazi ikiwa imekaribia kwisha.

Tumeyaeleza haya ili familia ijue wanachokiuza. Hawauzi mti. Wanauza miezi ya kungoja, macho ya fundi, na hatari ya kuvunjika aliyoibeba yeye ili isimfikie mnunuzi.

Hesabu ambayo haikuandikwa

Sasa tuje kwenye kalamu na karatasi. Tutatoa mfano wa kukadiria tu, na kila fundi aweke tarakimu za kwake. Tuseme mti na usafiri wake ni shilingi 600. Upote, ngozi ya mshikio na gundi ni 700. Kunoa na kuchakaa kwa zana ni 200. Hizo ni 1,500. Tuseme kazi yenyewe huchukua saa 20, na kijana anastahili shilingi 150 kwa saa. Hizo ni 3,000. Upinde mmoja umegharimu 4,500.

Lakini hesabu haijesha. Tuseme katika kila pinde nne anazochonga, mmoja huvunjika mwishoni mwishoni. Pinde nne zimemgharimu 18,000, na za kuuza ni tatu. Kwa hiyo kila upinde mzima umegharimu 6,000, kwa kuwa nzima ndizo zinazolipia ile iliyovunjika.

Je, kijana wetu anauza kwa bei gani? Tuseme anauza kwa 3,000, na moyoni anajiona amepata faida ya nusu. Pinde tatu zampatia 9,000. Toa 6,000 alizotoa mfukoni kwa pinde zote nne, zimebaki 3,000. Zigawe kwa saa 80 alizofanya kazi. Hazifiki shilingi 40 kwa saa! Huyu hajafungua biashara. Anawafanyia watu sadaka bila ya kuinuia, ilhali wadogo zake wanangoja karo.

Kwa hiyo awe na daftari. Aandike siku mti ulipokatwa, saa alizofanya, shilingi zilizotoka, na pinde zilizovunjika. Na asisahau mikono mingine. Dada anayeshona podo za ngozi na mama anayepokea wateja wana haki katika hesabu hiyo. Kazi ya wanawake wa nyumbani imezoea kuhesabiwa bure, na huo si uadilifu.

Wala hakuna haja ya kukopa kwa riba ili kuanza. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas (R.A.) kisa cha mtu wa Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) akaviuza vyombo viwili alivyokuwa navyo kwa dirhamu mbili: moja akaamuru inunuliwe chakula cha watu wake, ya pili shoka. Akamtuma akakate kuni na asionekane kwa siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi. Tazama mpangilio ule: chakula cha nyumba kilitengwa kwanza, zana ikanunuliwa kwa fedha isiyo deni, na muda ukawekwa wa kuja kutazama matokeo. Anayeanza na tupa, shoka na tezo ya kuazima hajachelewa.

Malipo ya mbele

Hapa tumefika kwenye kiini cha wasiwasi wa mama yetu. Kupokea pesa leo kwa kitu kitakachotengenezwa kesho si jambo dogo katika fiqhi, na la ajabu ni kwamba upinde wenyewe umetajwa na wanazuoni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mauzo ya kitu kisichokuwepo hupitia mlango wa *salam*: bei yote ilipwe katika kikao cha mkataba, na bidhaa ielezwe kwa sifa zinazoidhibiti. Imamu Abu Is-haq ash-Shirazi, katika kitabu chake *Al-Muhadhdhab*, aliutaja upinde miongoni mwa vitu ambavyo salam haifai kwavyo, kwa kuwa umekusanya vitu vya jinsi mbalimbali na kiasi cha kila kimoja hakijulikani. Huo bila shaka ni upinde wa mbao, pembe na mishipa kama ule wa Istanbul. Upinde wa mti mmoja uko karibu zaidi na kudhibitika, lakini onyo limebaki: usiuze kilicho gizani.

Wanazuoni wa Kihanafi walifungua mlango mwingine uitwao *istisnaa*, yaani kumwagiza fundi akutengenezee, kwa kuwa haja ya watu ni kubwa. Na Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1992 lilipitisha kwamba mkataba huo huzifunga pande zote mbili, kwa sharti aina, kiasi na sifa za kitu zitajwe na muda uwekwe. Na malipo yanaweza kucheleweshwa au kutolewa kwa mafungu.

Kwa fundi wetu tunaona njia tatu. Ya kwanza, na iliyo salama kabisa, ni kuchonga kwanza na kuuza kilicho tayari. Mnunuzi akione, akivute, alipe, achukue. Ya pili ni mteja anunue mti wake mwenyewe, fundi alipwe ujira wa mikono yake, na wakubaliane tangu mwanzo itakuwaje mti ukivunjika bila uzembe. Ya tatu ni maagizo kwa istisnaa, kwa karatasi yenye urefu wa upinde, aina ya mti, nguvu zake, bei, mafungu ya malipo na tarehe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Sisi tunaitana ndugu, tunapeana mkono, kisha tunagombana mlangoni pa msikiti.

Na pesa ya maagizo isichanganywe na pesa ya nyumba. Iwekwe mbali, itoke kidogo kidogo kwa mahitaji ya upinde ule ule. Kinachobaki baada ya kukabidhi ndicho chakula cha watoto. Kabla ya hapo, ni haki ya mtu iliyopumzika mikononi mwetu.

Kusema kasoro

Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini yake, alimkemea mwenye kuiuza, akatutahadharisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Rundo la fundi wa pinde ni ule ufa mwembamba uliofichwa chini ya ngozi ya mshikio. Nafaka mbovu humtia mtu hasara. Upinde mbovu hukatika ukiwa umevutwa mbele ya uso wake, na kipande chake chaweza kumpofua. Upinde wenye ufa usiuzwe kwa kurushia kwa bei yoyote. Ukiuzwa kama pambo, ielezwe hivyo na uuzwe bila upote.

Nguvu za upinde nazo zipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, na mteja aambiwe ni ratili ngapi ukivutwa inchi ngapi, mathalani ratili 40 kwa inchi 28. Kusema tu kwamba una nguvu sana si kipimo. Afundishwe pia kuulegeza upote baada ya kutumia, na kamwe asiuvute na kuuachia bila mshale, kwani nguvu isiyopata mshale wa kuichukua hurudi ndani ya mti na kuuvunja.

Mishale nayo ina adabu zake. Anayepita nayo msikitini au sokoni ameamrishwa azishike ncha zake zisimjeruhi mtu, na kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha kumekatazwa. Kwa hiyo mtoto asiuziwe mshale wenye chembe cha chuma, na mwenye nia ya kuwapiga paka, kunguru au kima asiuziwe kitu. Fundi awe na kibali cha biashara cha kaunti, awaulize polisi wa kituo chake juu ya kubeba na kuonyesha pinde hadharani kabla hajazipeleka sokoni, na asikate mti katika msitu wa kaya wala wa serikali bila ruhusa.

Biashara ikikua kufikia nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, basi mwaka wa Kiislamu ukitimia azihesabu pinde zilizo tayari, malighafi aliyoinunua kwa nia ya kuiuza ndani ya pinde, na fedha zake, atoe moja katika arubaini. Tezo, tupa na meza yake ya kazi hazimo.

Jibu kwa mama yetu

Ndiyo, kazi hii ina heri, na yaweza kuisaidia nyumba. Hatusemi kwamba itaisimamisha peke yake mwaka huu au ujao; atakayewaambia hivyo hajaungoja mti ukauke.

Lakini pinde nne zilizolipiwa zitangulie kila kitu. Mwanao awaendee wateja wale mmoja mmoja, kabla hawajamjia yeye. Awaambie mti haujakauka, awape hiari: atakaye kurudishiwa fedha arudishiwe, hata kama ni kwa mafungu na nyumba ikapunguza sahani, na atakayeridhia kungoja, aandikiwe tarehe ambayo mti wenyewe unaikubali. Asipokee shilingi ya upinde wa tano mpaka wa nne ukabidhiwe. Waumini wameamrishwa kutimiza mikataba katika aya ya kwanza ya sura ya Al-Maida, na amri hiyo haikuwavua wenye njaa, ingawa Mola wetu anaijua njaa yao.

Na nawe mama, usimwone mwanao kuwa mwizi, wala usimwache aone kuwa ni jambo la mzaha. Kaa naye na daftari. Kisha kila msimu mwachie upinde mmoja usio wa mtu, auchonge kwa raha yake kama alivyokuwa akifanya zamani, au amfunzie mdogo wake. Mkono unaofanya kazi kwa madai matupu huchoka, na ufundi usiofunzwa huzikwa na mwenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aitie baraka mikono ya vijana wetu, awaruzuku halali iliyo tosha, na awafanye watu wa kutimiza ahadi. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.